Kaseti ya Mbuzi

Mzungu aliyempa ndugu yangu ile kaseti alikuwa fundi wa mitambo katika bwawa la Kiambere, na siku hiyo alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Baba alikuwa dereva wake. Mzungu aligawa vitu vyake vyote pale uani: baba akapata koti la mvua, ambalo hakuwahi kulivaa maana kwetu Mbeere mvua ni mgeni, mama akapata sufuria, mimi nikapata penseli za rangi. Ndugu yangu alisimama mlangoni akijifanya hatamani chochote. Mzungu akamwita, akamkabidhi redio kaseti na kaseti moja ndani yake.

"Hawa waimbaji hata kwetu hawajulikani," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Walitoa hii tu. Watu hawakununua. Mmoja wao sasa anapasua mbao kiwandani. Lakini wewe sikiliza."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ndugu yangu alikuwa akijiandaa kuingia shule ya upili, nami nilikuwa bado shule ya msingi. Tulikuwa wawili tu kwa mama yetu, jambo lililofanya majirani watuonee huruma.

Kwenye jalada la kaseti kulikuwa na picha ya mbuzi dume, pembe zimejikunja, amesimama kwenye theluji akimtazama mtu usoni. Mama aliigeuza picha ile mkononi, akasema, "Huyu amekonda sana. Kwani huko kwao hakuna majani?" Kwetu mbuzi alikuwa karo ya shule, alikuwa mahari, alikuwa njia ya kuomba msamaha kwa mtu uliyemkosea. Hakuna aliyeona kitu kingine katika picha ile zaidi ya mnyama anayehitaji kupelekwa malishoni.

Nyumba yetu ilikuwa chini ya milingoti mikubwa ya stima. Nyaya zilipita juu ya shamba letu la ndengu zikipeleka umeme Nairobi, na usiku ukiwa kimya ulizisikia zikinguruma, nasi chini yake tunasoma kwa koroboi. Redio ya ndugu yangu ilitumia mawe, yaani betri. Yakiisha nguvu tuliyaanika juu ya bati, jua liyaamshe kidogo, tupate angalau wimbo mmoja na nusu kabla sauti haijaanza kulegea kama ya mlevi.

Mara ya kwanza niliposikia kaseti ile niliogopa. Ngoma zilikuja kama lori linalomwaga mawe. Magitaa yalikwaruza. Mwanamume aliyeimba alikuwa na sauti ya mtu aliyenyang'anywa kitu chake na kuambiwa anyamaze. Niliziba masikio nikitaka kutoka, lakini ndugu yangu akanishika mkono.

"Ngoja. Usitoke bado. Ngoja hapa."

Na hapo, katikati ya fujo yote ile, magitaa mawili yakaingia pamoja. Yaliimba wimbo mmoja kwa sauti mbili, moja juu na nyingine chini yake, kama mama na shangazi yangu walivyokuwa wakiimba wakipepeta mtama, kila mmoja na njia yake wala hawatazamani. Chini yao ngoma hazikupunguza hasira hata kidogo. Nilitoa vidole masikioni.

"Umesikia?" akasema. "Watu wengine wakikasirika wanapiga kelele tu. Hawa wamekasirika, lakini wanaimba."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na sijasikia mtu akiueleza muziki ule vizuri zaidi. Waliosoma wanauita roki nzito, hevi metal, na wengi wanaoutaja hawajawahi kukaa nao hadi mwisho wa wimbo mmoja.

Ndani ya jalada kulikuwa na karatasi ya maneno, kwa Kiingereza. Ndugu yangu aliyatafuta moja moja kwenye kamusi. Wimbo uliokuwa na yale magitaa mawili ulimhusu mwanamke mzee aliyekataa kuhama nyumba yake, serikali ilipoamua kuziba mto na kulifunika bonde lao kwa maji. Mzee anawasha moto jikoni, anapika, anafagia uwanja, huku maji yanapanda mlangoni. Basi. Wimbo mzima ni huo.

Nyanya yetu, mama yake baba, alikuwa amehamishwa mto Tana ulipozibwa. Boma lake la kwanza na kaburi la mumewe viko chini ya ziwa mpaka leo. Ndugu yangu alimwekea wimbo ule na kumwelezea kwa Kimbeere, mstari kwa mstari. Nyanya alisikiliza kelele zote zile bila kukunja uso. Mwishoni akauliza, "Na huyo anayeimba alijuaje?" Kisha akataka kuusikia tena. Mawe yalikuwa yameisha. Tulikimbia kuyaanika, lakini jua lilikuwa limeshateremka.

Ndugu yangu alijitengenezea gitaa la debe na nyaya za breki za baiskeli. Baadaye kanisa letu lilimruhusu kutumia gitaa lao, na kila Jumamosi alipokwenda mazoezini aliiba saa nzima kujifunza ule wimbo. Gitaa lilikuwa moja na wimbo ulihitaji mawili, kwa hiyo sauti ya chini niliiimba mimi, bila maneno, nimekaa kwenye benchi la kanisa tupu. Tulirudia mpaka tukapatana. Sijui kama nimewahi kupatana na mtu mwingine namna hiyo.

Alipoenda shule ya bweni, huko juu upande wa Embu wenye baridi na chai, alibeba redio na ile kaseti ndani ya sanduku.

Miaka hiyo nchi nzima ilikuwa inaogopa Shetani. Magazeti yalimwandika, wahubiri walimtangaza, walimu walitufundisha alama zake: nyoka, pete fulani, namba fulani, mbuzi. Watu walisema shule zimejaa waabudu wake. Mtoto akifeli ni yeye. Mtoto akipotea ni yeye. Ikawa rahisi sana kwa wakubwa, kwa sababu Shetani hakuandika barua kukanusha.

Ndugu yangu akiwa kidato cha pili, wanafunzi waligoma. Maharagwe yalikuwa na wadudu kwa muhula mzima, na siku moja wakakataa kula, wakavunja madirisha ya bwalo. Usimamizi wa shule ulihitaji sababu ambayo si maharagwe. Masanduku yakapekuliwa, na kwenye sanduku la ndugu yangu wakampata mbuzi.

Alinisimulia mwenyewe yaliyofuata. Naibu wa mwalimu mkuu alimsimamisha mbele ya gwaride, akainua jalada juu ili wote waone.

"Huyu ni nani?"

"Ni mbuzi, mwalimu."

Wanafunzi walicheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomfukuza shule. Angelia, labda wangemchapa tu na kumwacha.

Baba aliitwa. Alifika amevaa suti yake ya kanisani, maana alikuwa mzee wa kanisa, akakalishwa kwenye ofisi ambamo redio kaseti ilikuwa imewekwa juu ya kabati. Ndugu yangu alimwambia yule naibu, "Mwalimu, iwashe tu usikie. Ni wimbo wa mama mzee na maji." Naibu akamjibu kwamba hawezi kuingiza uchafu ule masikioni mwake. Baba naye hakusema neno. Alikuwa ameusikia wimbo ule nyumbani, zaidi ya mara moja, mama yake mzazi akiwa amekaa kando ya redio.

Hakuna mtu hata mmoja, kuanzia mkuu wa shule mpaka askari wa langoni, aliyeisikiliza kaseti ile. Hilo ndilo limenikaa kooni.

Baba hakumpiga. Ingekuwa afadhali. Alimpeleka Meru mjini kwa mhubiri mmoja aliyekuwa akivuma kwa krusedi zake, mikutano ya injili ya hadharani. Mhubiri huyo alikuwa kijana bado, mpole wa sauti, mwenye suti nyeupe na viatu vyeupe ambavyo sijui alivikwepesha vipi na udongo mwekundu wa Meru. Aliahidi kumtafutia ndugu yangu nafasi katika shule nyingine, kwa sharti kwamba kijana atoe ushuhuda hadharani na kaseti ichomwe.

"Sikufanya kitu, Pasta," ndugu yangu alisema.

"Hakuna aliyesema ulifanya. Wewe sema tu ulichosikia rohoni."

"Nilisikia nyimbo."

Mhubiri akamtazama baba. Baba akasema, kwa sauti ya chini, kwa Kimbeere ili iwe kati yao wawili, "Sema yaishe, mwanangu."

Siku ya kuchoma tulikwenda familia nzima. Ilikuwa siku ya soko, alasiri, kwenye uwanja wa vumbi pembeni mwa mji. Walikata pipa nusu, wakawasha moto ndani yake, watu wakaleta hirizi, mashuka mekundu, vitabu, pete. Kaseti haiungui kama karatasi. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi wenye harufu kali, ikadondoka tone tone. Mama alinishika bega. Ndugu yangu akapewa kipaza sauti.

Alianza kwa sauti ya chini. Alisema alisikia sauti ndani ya nyimbo zikimwita. Umati ukanyamaza. Wanawake wawili mbele wakaanza kulia. Mhubiri akamsogelea na kumuuliza taratibu, "Na hizo sauti zikakutuma nini?" Niliona ndugu yangu akiinua kichwa na kuwatazama wale watu wote waliosimama kimya kwa ajili yake, yeye aliyefukuzwa mbele ya gwaride. Akaendelea.

Nyumbani ndiye aliyekuwa akitusimulia hadithi za fisi mpaka mtoto anashindwa kwenda choo peke yake. Kipaji alikuwa nacho. Soko lililofuata, zile sauti zilikuwa zimeshampeleka mahali. Walipofika Chuka alikuwa ameruka angani na kunywa damu kwenye kikombe cha pembe ya mbuzi. Watu walikuja kutoka mbali kumsikia. Nafasi ya shule ilipatikana kweli, akaingia darasani kwa muda mfupi, kisha krusedi zikawa nyingi na masomo yakaachwa. Baba alifurahi. Kijana wake, aliyekuwa aibu, sasa jina lake lilitangazwa kwa magari yenye vipaza sauti.

Nilimtembelea mara moja, nikiwa njiani kwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya wasichana huko Imenti Kusini. Yeye na wapiga muziki wa krusedi walikuwa wamepangiwa vyumba mtaa wa Majengo, Meru mjini, karibu na mabucha, kwa sababu vyumba vya Majengo havikuuliza maswali. Alikuwa ameongezeka mwili. Alinunua mandazi na chai, akanionyesha gitaa la umeme la kanisa, jekundu, zuri mno.

"Hebu sikia," akasema.

Akapiga pambio ambalo kila mtu analijua, la kumshukuru Mungu. Lakini kati ya ubeti na ubeti aliingiza kitu, na mimi nikakitambua kabla hakijafika mwisho. Ilikuwa ile njia ya gitaa la juu, kutoka kwenye wimbo wa mama mzee, nota kwa nota.

"Unapiga hiyo krusedini?"

"Kila siku." Akacheka, kicheko chake cha zamani. "Watu wanaanguka. Pasta anasema ni upako."

Nilicheka nami. Kisha, bila kufikiri, nikaanza kuimba sauti ya chini, vile tulivyokuwa tukifanya kwenye benchi la kanisa. Akaweka kiganja juu ya nyuzi, zikanyamaza ghafla.

"Usiimbe hapa," akasema, na kutazama ukuta wa chumba cha jirani alikolala mpiga besi. "Watasikia."

Nilimaliza chai yangu nikaondoka. Bado nilimpenda. Shuleni niliwaambia wasichana wenzangu kwamba yule kijana maarufu wa ushuhuda, mwenye gitaa jekundu, ni ndugu yangu wa tumbo moja. Walinionea wivu.

Muhula wa pili krusedi ilikuja Mitunguu, karibu na shule yetu, na shule ikatupeleka Jumapili alasiri, tumevaa sare, tumepangwa mistari. Ilikuwa joto. Uwanja ulikuwa ule wa soko la ndizi, na harufu ya maganda yaliyooza ilipanda kutoka ardhini. Nilikuwa nimeshikwa mikono na marafiki zangu wawili, kila upande mmoja, wakiniuliza, "Yuko wapi? Ni yule?"

Safari hii kulikuwa na shahidi mwingine, msichana mrembo aliyeletwa kutoka Nairobi. Alieleza alivyokuwa malkia katika mji ulio chini ya bahari. Pale Mitunguu wengi wetu hatukuwa tumeiona bahari, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumuuliza swali. Umati ulipiga mayowe. Ndugu yangu alikaa nyuma ya jukwaa na gitaa mapajani, na hata kwa mbali niliona ule uso wake wa mtoto aliyepitwa. Alipopewa zamu, alisimulia yale yale ya kuruka na ya kikombe, na watu wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Wauza maji wakapita katikati.

Akatazama umati. Mpaka leo sijui kama aliniona.

"Kuna jambo sijawahi kusema," akasema. "Waliniambia nitoe mtu ninayempenda."

Uwanja ukatulia.

"Nina dada mmoja tu. Mdogo wangu. Nilimtoa. Nilimpeleka nikawaonyesha, wakamtia alama, na yeye hajui. Naomba mumwombee dada yangu. Mpaka leo ni mali yao."

Mtu mbele akalia, "Yesu!" Kisha uwanja mzima ukalia. Kwanza mkono wangu wa kushoto ukaachwa, kisha wa kulia. Nilijikuta nimesimama katikati ya duara tupu, sare ya shule, soksi nyeupe, na wasichana ambao tulikuwa tumekula pamoja asubuhi wakinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo. Mwalimu mmoja akaniongoza mbele. Mhubiri aliniwekea mkono kichwani na kunisukuma ili nianguke. Sikuanguka. Akasukuma tena. Ndugu yangu alikuwa hatua chache kutoka nilipo, anapiga gitaa kwa macho yaliyofumbwa, na alikuwa anapiga ile njia ya juu, na mimi kichwani nikawa naisikia sauti yangu ya chini ikimfuata, siwezi kuizuia. Hapo nikaanguka, kwa sababu nilichoka kusimama.

Sitaeleza sana maisha ya shule baada ya hapo. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwema na alikataza wasichana kunitaja. Lakini huwezi kumkataza mtu kuhamisha godoro lake. Nilimaliza kidato cha nne nikilala kando ya vitanda vitupu. Chakula nilichopakua mimi hakikuliwa. Msichana mmoja alipougua malaria, wazazi wake walikuja kuomba nihamishwe.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilimwambia mama kila kitu.

"Alisema umeombewa, sivyo?" mama akauliza.

"Mama, alisema uongo."

"Najua." Alikuwa anachambua ndengu, vidole havikusimama. "Lakini ndugu yako amepata pa kushika. Ukimvuta ataanguka. Wewe una masomo."

Hivyo ndivyo ilivyogawanywa. Yeye alipewa jukwaa, nami nikapewa kuvumilia.

Nilisomea uhazili Embu, nikapata kazi katika ofisi moja mjini humo. Embu hawakunijua. Nilipanga chumba, nikajifunza kula na watu tena. Mwaka wa pili nikampata kijana wa kutoka Imenti aliyefanya kazi ofisi ya jirani, mcheshi, mpole, anayevaa sweta hata kukiwa na jua. Nilimweleza kuhusu ndugu yangu kabla hajasikia kwa watu. Alicheka mpaka akatoa machozi. "Wewe? Chini ya bahari?" Nikamwambia hapana, chini ya bahari ni yule mwingine. Tukacheka wote. Ilikuwa mara ya kwanza jambo lile kunichekesha, na nadhani hapo ndipo nilipoamua kuolewa naye.

Wazee wake walikuja Kiambere kututembelea, mara ya kwanza, kama desturi inavyotaka. Mama alipika kuanzia alfajiri. Baba alichinja mbuzi wawili. Mashangazi walisonga ugali, wakakaanga chapati, wakapika ndengu na nazi waliyoiagiza mbali ili wageni waone kwamba na sisi tumetembea.

Ndugu yangu alikuja pia. Wakati huo yule mhubiri mwenye viatu vyeupe alikuwa ameshahamia Nairobi na vyombo vyote vya muziki, likiwemo gitaa jekundu, na ushuhuda wa Shetani ulikuwa umechuja. Watu walitaka miujiza ya kazi na viza za ng'ambo. Ndugu yangu alikuwa na kanisa dogo la mabati upande wa Ishiara. Aliitwa Pasta. Alivaa koti la suti lililombana kwapani. Tulisalimiana kwa mkono.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka wageni walipokaribishwa mezani. Shangazi wa yule kijana, mwanamke mnene mwenye kitambaa cha kijani, hakuchukua sahani. Alitoka Mitunguu.

"Kabla hatujala," akasema, "mtuwie radhi. Mimi nilikuwa sokoni siku ile. Tunauliza tu, kwa heshima, kwa sababu ni watoto watakaozaliwa. Je, ni kweli huyu msichana alitolewa?"

Nzi walikuwa juu ya nyama. Mama alimtazama baba, baba akatazama chini, kisha macho ya kila mtu, ya kwetu na ya wageni, yakamwendea ndugu yangu.

Nilimtazama nami. Neno moja lingetosha. Nilikuwa tayari kumsamehe yote kwa neno hilo moja, na alijua, kwa sababu aliniangalia machoni muda mrefu.

Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mama, usiogope," akamwambia yule shangazi. "Damu ya Yesu ilimsafisha."

Shangazi alifunga mkoba wake. Wazee walisema maneno mazuri, wakashukuru kwa makaribisho, wakasema safari ni ndefu na barabara ya Mitunguu si nzuri jua likizama, ingawa jua lilikuwa bado utosini. Hakuna aliyegusa chakula. Yule kijana alibaki nyuma kidogo, sweta mkononi. "Nitakuja ofisini tuongee," akaniambia. Nilimwona ofisini mara nyingi baada ya hapo. Alikuwa akiniamkia na kupita.

Walipoondoka nilimfuata ndugu yangu nyuma ya zizi. Alikuwa ameegemea uzio, amelegeza tai.

"Kwa nini?" nikamuuliza. "Ungesema tu si kweli. Hawa si watu wa kanisa lako. Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Lakini unajua kwamba ni uongo!"

Hakukasirika. Alisema polepole, kama mtu anayeeleza njia. "Nikisema nilidanganya, mimi ni nani? Niambie. Sina cheti. Sina kazi. Mimi ni kijana aliyefukuzwa shule kwa sababu ya maharagwe. Hivi nilivyo, kuna watu hamsini pale Ishiara wanaoamka Jumapili kwa sababu mimi nilitoka kwa Shetani. Wakijua sikuwahi kwenda, nitawaambia nini?"

"Na mimi?"

Juu yetu zile nyaya zilikuwa zikinguruma.

"Wewe una kazi," akasema.

Niliwahi, miaka ya baadaye, kuitafuta ile albamu. Mjini Nairobi kuna vijana wanaovaa fulana nyeusi na kuujua muziki ule kama mapadri wanavyojua misa. Niliwaeleza juu ya mbuzi kwenye theluji, magitaa mawili, mama mzee na maji. Walikuna vichwa. Mmoja alinitajia bendi nyingine kumi. Hakuna aliyewahi kuwasikia hao wangu, na nikagundua kwamba nimeanza kuimba sauti ya chini ili kuwaelewesha, na peke yake haieleweki. Ukiisikia bila ile ya juu utadhani mtu ananung'unika.

Jioni ile ya wageni, mama alibaki peke yake na sufuria zimejaa. Alizifunika moja moja. Akapakua sahani moja, nyama nzuri, chapati mbili, akanipa mikononi.

"Mpelekee ndugu yako. Hajala tangu asubuhi."

Nilitaka kuitupa ile sahani. Nilitaka kumuuliza mama kama mimi nimekula. Nilimpelekea. Aliipokea kwa mikono miwili, akafumba macho, akaomba kwa sauti, ombi refu la kushukuru, akiwataja wageni na safari yao, kisha akala yote.

Kesho yake asubuhi nilirudi Embu. Jumatatu nilikuwa ofisini.